Pelé alizaliwa tarehe 21 au 23 Oktoba 1940, na tuandike tukio gani la dunia la siku hiyo?

Mwalimu wa Zamu aliuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari, na kwa miaka miwili sasa ninasimamia gazeti la ukutani ambalo wanafunzi hulibandika nje ya maktaba kila Jumatatu asubuhi. Kona inayokusanya wasomaji wengi, hata wale ambao ndani ya maktaba yenyewe hawajawahi kutia mguu, ni ile inayomtaja mchezaji mmoja wa mpira wa miguu: tarehe aliyozaliwa, na jambo kubwa lililotokea duniani siku hiyohiyo. Zidane alitupa kazi nyepesi, kwa kuwa tarehe 23 Juni 1972 Rais Nixon wa Marekani alitia saini sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na siku hiyohiyo, ofisini mwake, kanda ilinasa mazungumzo yaliyokuja kumng'oa madarakani miaka miwili baadaye. Victor Wanyama naye alizaliwa tarehe 25 Juni 1991, siku ambayo Kroatia na Slovenia zilitangaza kujitenga na Yugoslavia, na wanafunzi waliifurahia sana habari hiyo.

Wiki hii tumekwama kwa Pelé. Mwanafunzi mmoja ameleta tarehe 23 Oktoba 1940, ambayo ndiyo Pelé mwenyewe aliiadhimisha maisha yake yote. Mwenzake ameleta tarehe 21 Oktoba 1940, akisema kwamba ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Três Corações, mji mdogo wa jimbo la Minas Gerais, Brazil. Nimethibitisha kwamba wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Tuandike ipi?

Swali la pili lilitoka kwa kijana anayekaa nyuma kabisa. Tulipoona kwamba tarehe 23 Hitler alikutana na Franco, mtawala wa Hispania, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kwani Hitler alijua kwamba Pelé amezaliwa?" Darasa lilicheka, lakini nilitoka mle ndani bila jibu la kuniridhisha. Je, kuna maana yoyote kumfunga mtoto mchanga wa Minas Gerais na mambo ya wakubwa wa Ulaya, au tunajaza karatasi tu?

Karani Mstaafu alijibu:

Mwalimu, kuhusu tarehe, nadhani unakiomba cheti jambo ambalo hakina uwezo nalo. Niliandikisha vizazi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninachoweza kukuambia ni kwamba cheti hakishuhudii kuzaliwa kwa mtu. Kinashuhudia maneno ya yule aliyesimama mbele ya meza ya karani, pamoja na masikio na mwandiko wa karani mwenyewe. Mimi nilipopelekwa darasa la kwanza, umri wangu ulipimwa kwa mkono: nilipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vilipogusa sikio la kushoto mwalimu akaridhika kwamba nimetimiza miaka saba. Cheti kilikuja baadaye sana, nacho kikaandikwa tarehe mosi Julai, kwa sababu baba alikumbuka tu kwamba ilikuwa katikati ya mwaka, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani. Nimeitumia tarehe hiyo katika ajira, katika pensheni na katika kila fomu, na nina hakika kwamba si yangu.

Hata hivyo, kwa upande wa Pelé kuna jambo linalonivutia kikazi. Makosa tuliyoyazoea huisogeza tarehe mbele: mtoto anazaliwa leo, baba anafika ofisini wiki ijayo, na karani aliyechoka anaandika tarehe ya siku ile baba alipofika. Cheti hiki kimefanya kinyume, kwani kinamzalisha siku mbili kabla ya siku ambayo familia iliishika. Kuchelewa kwenda kuandikisha, basi, hakuwezi kuwa sababu. Wala hesabu yetu ya pwani, ambayo mtoto aliyezaliwa Jumanne saa tatu usiku huhesabiwa kuwa wa usiku wa Jumatano, haisaidii hapa, kwa kuwa ile hubadilisha siku moja tu, ilhali tarehe 21 ilikuwa Jumatatu na tarehe 23 ilikuwa Jumatano.

Ongezeeni kwamba karatasi hiyohiyo ina ubishi wa pili. Jina lililoandikwa ni Edison, wakati mwenyewe alisisitiza kwamba anaitwa Edson, bila "i" ya katikati. Alipokuja kuandika habari za maisha yake, makosa yote mawili aliyachukulia kuwa ni uzembe wa kawaida wa nchini kwake katika mambo ya usahihi. Lakini alipewa jina hilo kwa heshima ya Thomas Edison, kwa hiyo kwa upande wa jina, cheti ndicho kilicho karibu zaidi na yule mvumbuzi. Ndiyo maana nasita kusema kwamba karani wa Três Corações alikuwa mzembe. Huenda aliandika alichoambiwa.

Ushauri wangu: andikeni 23, kisha mtaje 21 kwa sentensi moja. Mtu ana haki ya siku yake ya kuzaliwa kama alivyo na haki ya jina lake.

Mpenda Takwimu alijibu:

Naunga mkono, nami naongeza kwamba katika vitabu vya rekodi siku hizo mbili hazibadilishi chochote. Alipofunga bao lake la kwanza la Kombe la Dunia, tarehe 19 Juni 1958 dhidi ya Wales, alikuwa na miaka 17 na siku 239 kwa tarehe ya 23, au siku 241 kwa tarehe ya cheti. Anayemfuata kwa udogo ni Manuel Rosas wa Mexico, aliyefunga mwaka 1930 akiwa na miaka 18 na siku 93. Katika fainali ya tarehe 29 Juni 1958, Brazil ilipoifunga Uswidi 5–2, Pelé alikuwa na miaka 17 na siku 249, na hakuna aliyewahi kucheza fainali akiwa mdogo kuliko hapo; Giuseppe Bergomi wa Italia, anayeshika nafasi ya pili, alikuwa na miaka 18 na siku 201 mwaka 1982. Mngeweza kumwongezea Pelé miezi mitano na rekodi zote mbili zingebaki kuwa zake.

Mkutubi wa Pwani alijibu:

Mimi nitalishughulikia swali la matukio, maana orodha za "siku kama ya leo" zinazozunguka mtandaoni zimejaa mambo yaliyonakiliwa kutoka orodha moja hadi nyingine bila mtu kuyachunguza.

Jumatano ya tarehe 23 Oktoba 1940 Hitler na Jenerali Franco walikutana katika kituo cha reli cha Hendaye, mji wa Ufaransa ulio mpakani na Hispania. Ujerumani ilikuwa imekwisha kuiteka Ufaransa, na Hitler alitaka Hispania iingie vitani ili Gibraltar ichukuliwe na mlango wa Bahari ya Mediterania ufungwe. Franco alifika na bei yake: alitaka Gibraltar yenyewe, Moroko ya Wafaransa, nafaka nyingi kwa ajili ya nchi iliyokuwa na njaa, na silaha. Walizungumza kwa saa kadhaa, wakatoka bila Hispania kukubali siku yoyote maalumu ya kuingia vitani. Siku chache baadaye Hitler alimwambia Mussolini kwamba kuliko kurudia mazungumzo kama yale, afadhali ang'olewe meno matatu au manne.

Kama mngeamua kushika tarehe 21, siku hiyo Churchill alizungumza na Wafaransa kwa redio, akitumia Kifaransa chake cha kujikongoja. Siku hiyohiyo pia ilitoka New York riwaya ya Ernest Hemingway kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, vita ambavyo mshindi wake, yaani Franco, ndiye aliyekuwa njiani kuelekea Hendaye. Kwa hiyo tarehe yoyote mtakayoichagua, Hispania haiwaachi.

Mkitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba vita hivyo havikuwa vya Ulaya pekee, wakumbusheni kwamba wiki hiyo Moyale, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa mikononi mwa Waitalia, waliokuwa wameitwaa mwezi Julai 1940 na hawakuondolewa hadi mwaka uliofuata. Brazil yenyewe ilikuwa bado haijaingia vitani. Chini ya Getúlio Vargas ilingoja hadi Agosti 1942.

Mwalimu wa Zamu aliandika:

Shikamoo, Mzee Karani. Nakushukuru, na wengine pia nawashukuru. Suala la tarehe limekwisha: tutaandika 23 na kuitaja 21. Habari ya Moyale nitaitumia, kwa kuwa tuna mwanafunzi ambaye babu wa baba yake alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki.

Lakini Mkutubi, naona bado hujamjibu kijana wangu. Umeniambia kwa ufasaha yaliyotokea Hendaye, ila hakuna hata moja kati ya hayo lililofika nyumbani kwa wazazi wa Pelé, mzee Dondinho na bibi Celeste, siku ile. Mtoto angezaliwa vilevile, na angeucheza mpira vilevile, hata kama treni ya Franco isingefika kabisa.

Fundi Umeme alijibu:

Mwalimu, lililofika nyumbani kwao ni umeme. Hiyo ndiyo sababu mtoto akaitwa kwa jina la Edison: umeme ulikuwa umeingia katika mji ule muda mfupi kabla hajazaliwa, na wazazi wakaona kwamba jambo kubwa kuliko yote waliyoyashuhudia mwaka huo ni balbu inayoning'inia darini. Sioni kwamba sisi tuko mbali na hapo. Tunao akina Masika, akina Njaa, akina Vita na akina Shida waliobeba majina ya hali iliyokuwapo siku walipozaliwa, na hakuna aliyewahi kumwita mwanawe kwa jina la mkutano wa marais uliofanyika ng'ambo. Nimefunga nyaya katika vijiji kadhaa, na ninakijua kimya kinachokuwa chumbani kabla swichi haijabonyezwa kwa mara ya kwanza, mama mwenye nyumba akiwa bado ameshika kibatari kinachowaka kwa sababu hajaamini.

Halafu kuna jambo ambalo nimeshangaa kwamba hamjaligusa. Siku inayoadhimishwa kwa desturi kuwa ndiyo Edison alifaulu kuiwasha taa yake ya uzi wa kaboni huko Menlo Park, jimbo la New Jersey, ni tarehe 21 Oktoba 1879. Mwaka 1929 Henry Ford alifanya sherehe kubwa ya miaka 50 ya taa hiyo, Edison mwenyewe akiwa mgeni wa heshima, na sherehe ilifanyika tarehe 21 Oktoba. Kwa hiyo cheti kinachomwita mtoto Edison kimempa pia siku ya kuzaliwa ya balbu ya Edison, miaka 61 kamili baadaye. Sisemi kwamba karani alikusudia. Nasema kwamba kama mnatafuta tukio la kuandika chini ya tarehe 21, hilo linahusiana na mtoto mwenyewe kuliko hotuba ya Churchill.

Karani Mstaafu alijibu:

Marahaba, Mwalimu.

Fundi, umenikosesha usingizi. Hata hivyo, nawasihi msiliandike jambo hilo kana kwamba linaeleza kosa la cheti. Kulingana kwa tarehe si ushahidi, na ofisi ya usajili ya mji mdogo haikuwa na sababu ya kukumbuka siku ya taa ya Menlo Park.

Winga wa Zamani alijibu:

Nimewasoma wote, na naona kwamba mmeng'ang'ania mwaka 1940 wakati mtoto alikuwa hajui hata kushika kijiko. Mimi ningewashauri mbaki na tarehe 23 Oktoba lakini mwende hadi mwaka 1956, siku ambayo Pelé alitimiza miaka 16. Alikuwa amekwisha kuanza kuichezea klabu ya Santos, mwezi Septemba mwaka huohuo. Siku hiyo ya Jumanne wananchi wa Budapest waliingia mitaani, na yakaanza maasi ya Hungaria dhidi ya utawala uliokuwa ukiungwa mkono na Wasovieti.

Mnafahamu Hungaria ilikuwa nini wakati ule. Ndiyo timu iliyoifunga Uingereza 6–3 katika uwanja wa Wembley mwaka 1953, ikafika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1954 na kupoteza kwa Ujerumani Magharibi 3–2. Uti wa mgongo wake ulitoka Honvéd, klabu ya jeshi. Honvéd ilikuwa na mechi za Kombe la Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Athletic Bilbao, ikatoka nchini, na vifaru vya Wasovieti vilipoyazima maasi mwezi Novemba, wachezaji walikuwa ugenini. Mechi ya marudiano ililazimika kuchezwa Brussels, kwa kuwa Budapest haikuchezeka. Wakaendelea kuzunguka ng'ambo, hata Brazil wakafika mwanzoni mwa 1957, na kocha aliyefuatana nao, Béla Guttmann, akabaki huko na kuipa klabu ya São Paulo ubingwa wa jimbo mwaka huohuo. Puskás, Kocsis na Czibor, nyota wa Honvéd, hawakurudi nyumbani. Wote watatu waliishia Hispania, nchi ya Franco yuleyule wa Hendaye, jambo ambalo Mkutubi atalifurahia.

Sasa nendeni Uswidi, mwaka 1958. Hungaria ilifika bila hao watatu. Grosics, Bozsik na Hidegkuti walikuwepo, lakini moto ule wa zamani haukuwepo. Ikafungana pointi na Wales katika kundi, ikabidi zicheze mechi ya kuamua tarehe 17 Juni katika uwanja wa Råsunda, na watazamaji hawakufika hata 3,000. Siku moja kabla yake, Imre Nagy, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa maasi, alikuwa amenyongwa Budapest. Hungaria ilitangulia kufunga, Wales ikarudisha na kuongeza, ikashinda 2–1, na siku mbili baadaye Wales ndiyo iliyokutana na Brazil katika robo fainali. Bao lilikuwa moja tu. Pelé aliupokea mpira kwa kifua akiwa ameipa goli mgongo, akauinua kidogo kwa mguu kumpita beki aliyekuwa amembana, akageuka na kupiga chini kabla beki mwingine hajafika.

Mwambieni kijana wa nyuma kwamba Hitler hakumjua Pelé. Ila waliojitokeza Budapest siku Pelé alipotimiza miaka 16 nao hawakumjua, na bado walikuwa na mkono katika kumpangia nani wa kumfunga.

Mpenda Takwimu alijibu:

Winga, umesimulia vizuri, na tarehe zako ni sahihi, lakini mnyororo huu unavutwa kutoka pande nyingi. Wales yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa katika mechi za kufuzu za Ulaya. Ilifufuliwa kwa kura ya bahati nasibu kwa sababu Uturuki, Indonesia na Sudan zilikataa kucheza na Israel, na FIFA haikutaka nchi ifuzu bila kugusa mpira, basi Wales ikapewa nafasi ya kucheza na Israel na ikashinda 2–0 nyumbani na ugenini. Kwa hesabu yako, Khartoum nayo ina sehemu yake katika bao lile. Kadhalika John Charles, mchezaji bora wa Wales, aliumizwa katika mechi dhidi ya Hungaria na hakucheza na Brazil. Angekuwepo, huenda tungekuwa tunazungumzia bao la mtu mwingine.

Winga wa Zamani alijibu:

Sikatai. Khartoum iwekwe.

Mwalimu wa Zamu aliandika:

Nimekaa na wanafunzi mchana wa leo, tukagombana kidogo, kisha tukaandika. Karatasi ni moja, kwa hiyo Churchill na Hemingway wameachwa nje. Hendaye imepata mistari mitatu pamoja na Moyale, na sehemu kubwa tumeigawa kati ya taa ya Três Corações na safari ndefu kutoka Budapest hadi robo fainali. Wamesisitiza kwamba Sudan itajwe, kwa sababu hawakutarajia kuikuta humo. Kijana wa nyuma ndiye aliyechora, na amechora balbu kubwa yenye mishono ya mpira wa ngozi wa zamani. Namba 21 na 23 ameziandika ndani ya kioo, moja juu ya nyingine, ile ya 21 ikiwa imekatwa mstari mmoja mwembamba ili iendelee kusomeka.

Linalobaki ni jina. Kichwa cha habari kimeandikwa "Edison Arantes do Nascimento", na wino umekwisha kukauka.

Karani Mstaafu alijibu:

Futeni hiyo "i" kwa chokaa nyeupe, Mwalimu. Mkitaka kuiacha, basi ibaki kwenye nakala ya cheti tu, si kwenye kichwa cha habari.